Friji Halikosei

9 Januari

Kaka Barafu,

Shikamoo. Nimefika, mzima kama kigongo, na gitaa zima pia ukiacha nyuzi mbili ambazo habari zake nakupa sasa hivi. Kaa kitako.

Chumba changu kiko juu ya duka la dobi. Kuna kitanda, meza, dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na kwenye kona, kaka yangu, kuna friji! Dogo, jeupe, linanguruma. Nilipoliona nikajua nimefika nyumbani. Nikatua begi, nikatoa gitaa, nikafanya kama ulivyonifunza tangu nina miaka tisa: sikio ubavuni mwa friji, uzi wa tatu uende na ngurumo yake, halafu nyuzi nyingine zifuate. Sisi hatukuwahi kuwa na kidude cha kupimia sauti. Tulikuwa na lile friji kubwa la mwenye bucha pale karakanani kwako, lililoletwa kutengenezwa mwenyewe asirudi, nalo halikutudanganya hata siku moja.

Basi nikakaza uzi wa tatu. Nikakaza. Nikakaza tena. Nilipofika kwenye uzi wa kwanza ukakatika, nikalaumu baridi. Wa pili ukakatika, nikamlaumu muuza nyuzi. Nikajaribu kuimba, sauti ikapasuka kabla ubeti haujaisha, nikalaumu safari. Nililaumu kila kitu isipokuwa friji, maana kwetu friji halikosei. Nikaenda kwenye mazoezi ya kwanza na nyuzi nne, kifua mbele.

Tulipoanza tu, mpiga besi akaacha. Mpiga dramu akaacha. Bi Studio, yule mama aliyesikia kaseti yetu akaniita huku, alivua miwani.

"Hilo gitaa umelilinganisha na nini?"

"Na friji."

Wakanitazama. Nikarudia, nikidhani hawakusikia. Mpiga dramu alicheka mpaka vijiti vikamdondoka, na sasa bendi nzima inaniita Friji. Mimi niliyekuwa Kelele kwetu!

Wewe ndiye fundi. Hili friji lina ugonjwa gani?

Sasa jambo lenyewe. Tunarekodi albamu ya nyimbo tisa kuanzia Juni, halafu tunazunguka kumbi kumi na nne. Panatakiwa gitaa la pili. Nimesema ni wewe, na Bi Studio amekubali bila kuuliza mara mbili, kwa sababu kwenye kaseti alikusikia. Kiti chako kiko kushoto kwangu. Njoo na lile gitaa jekundu.

Mdogo wako,
Kelele


2 Februari

Kelele,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa sauti karakanani. Mteja mmoja alikaa juu ya friji lake akasikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila kuniambia lina shida gani.

Friji lako haliumwi. Umeme wa kwetu unatetemeka mara hamsini kwa sekunde, wa huko ni mara sitini. Kwa hiyo friji la huko linaimba juu kuliko letu, na wewe ulikuwa unaivuta mikia ya nyuzi kuipeleka mahali ambapo Mungu hakuipangia. Shukuru shingo ya gitaa haikukatika.

Na kuna jambo sikuwahi kukwambia. Hata friji letu haliko sawasawa na sauti wanayotumia wanamuziki wengine. Liko juu kidogo. Niligundua zamani, siku nilipoenda kutengeneza friji la shule nikajaribu kinanda chao. Nikanyamaza. Tulikuwa wawili tu, na watu wawili wakikosea pamoja hakuna wa kuwaambia kitu. Lakini sasa mko wanne. Nunua hicho kidude.

Kuhusu kuja, pasipoti inashughulikiwa. Ofisini wanasema njoo kesho, na kesho yao haina tarehe. Halafu joto limepanda, mafriji ya mtaa mzima yananiangukia kichwani. Gitaa jekundu lipo, halina mkwaruzo. Usinisubiri umesimama, utachoka miguu.

Mama anakusalimu. Anauliza kama kukaa juu ya dobi kunamaanisha nguo zako zinafuliwa.

Kaka yako,
Barafu


11 Machi

Kaka Barafu,

Shikamoo. Mwambie Mama hazifuliwi, ila zinanukia sabuni ya wengine.

Kidude nimenunua. Sasa niko sawa na dunia nzima, na mpiga dramu amekosa cha kuchekea. Jumamosi tulipiga kwenye ukumbi mdogo, watu themanini, nusu yao walikuja kwa ajili ya vinywaji. Wimbo wa kwanza walinipa migongo. Wa pili wakanipa mabega. Wa tatu ulikuwa "Mlango Haufungi", ule tuliotunga wewe na mimi siku lile friji la mwenye bucha lilipokataa kufunga mlango, na walisimama wote, na wahudumu wakasimama na sinia zao. Nilikuwa najua watasimama. Mimi siogopi tena jukwaa. Jukwaa na liniogope mimi.

Ila Bi Studio hakupiga makofi. Aliniita pembeni akasema, "Kwenye ile kaseti sauti yako ilikaa mahali pake kama mwenye nyumba. Leo inabisha hodi." Nimefikiri maneno hayo wiki nzima. Nadhani ni kwa sababu haupo. Gitaa la pili linajibu ninapouliza, na sasa nauliza peke yangu.

Wameniletea watu wawili niwajaribu. Mmoja anapiga haraka kama anakimbizwa na mbwa. Mwingine ni dada mmoja mkimya, anapiga kama anapasi nguo, mstari juu ya mstari. Nimewarudisha wote. Nimesema kaka yangu anakuja. Bi Studio amenipa mpaka tarehe moja Juni: kama hakuna gitaa la pili siku hiyo, hakuna kurekodi, na zile kumbi kumi na nne anapewa bendi nyingine.

Kwa hiyo fanya hivi. Rekodi sehemu yako ya "Mlango Haufungi", peke yako, uitume. Nikiwasikilizisha, wataacha kuniletea watu. Na hao wa pasipoti, wapelekee Mama.

Mdogo wako,
Kelele


5 Aprili

Kelele,

Marahaba. Kaseti hiyo hapo, nimeifunga kwenye soksi isivunjike. Soksi ni safi.

Nimefurahi habari za ukumbi. Nimemsomea Mama, akasema "mabega" ni mwanzo mzuri, yeye darasani alikuwa anaanza na visogo.

Lakini sikiliza. Mchukue mmoja wa hao wawili. Asiyekuwepo na lake halipo, hata kama ni kaka mtu. Mimi nina karakana, nina Mama, nina foleni ya mafriji mpaka barabarani. Yule anayepasi nguo, kama mistari yake imenyooka, huo ni mwanzo. Kupinda utamfundisha wewe. Usiache kumbi kumi na nne kwa ajili ya kiti kimoja.

Kaka yako,
Barafu


20 Aprili

Barafu,

Leo hakuna shikamoo.

Tulikaa wanne studio. Niliiweka kaseti mwenyewe, nikajivuna kabla haijaanza. Ikapiga. Vizuri, ndiyo, vizuri mno. Mpiga besi akafumba macho. Halafu, katikati ya ubeti wa pili, mtu akakohoa.

Kaka, kikohozi kile ni changu. Ni kikohozi changu cha mwaka juzi, nilipougua mafua nikakaa juu ya ndoo pale karakanani nikikusikiliza unajirekodi. Na baada ya kikohozi Mama anacheka. Umenitumia kaseti ya zamani. Nilikuomba unitumie wewe, ukanitumia mimi mwenyewe nikikohoa!

Sasa naanza kuhesabu. Pasipoti ya miezi mitatu. Joto lisiloisha. "Mchukue mtu." Kama hutaki kuja, ungesema hutaki, mimi si mtoto. Au ni kwamba huwezi kukaa kushoto kwa mdogo wako? Ulinifundisha wewe, naelewa, lakini sikujua kuwa mwalimu anaona haya mwanafunzi akitangulia mbele.

Nimewadanganya watu hawa kwa ajili yako tangu Januari. Nijibu neno moja, unakuja au huji.

Kelele


6 Mei

Mwanangu,

Hujambo. Mimi ni mama yako, na mwandiko huu unaujua, umefundisha darasa la kwanza miaka thelathini.

Barua yako kwa kaka yako aliiacha mezani ikiwa wazi. Mimi sisomi barua za watu, lakini meza ni yangu.

Niliapa kwamba jambo hili hutalisikia kinywani mwangu. Kinywa nimekifunga. Naandika.

Siku ya nne baada ya wewe kuondoka, kaka yako alikuwa anabadilisha mkanda wa mota wa lile friji la mwenye bucha. Kuna mtu akapita nje akaita jina lako, anauliza kama umefika salama. Kaka yako akageuka kujibu. Mkanda ukamchukua mkono wa kushoto. Vidole viwili, cha kati na cha pete, havipo. Cha shahada, kidogo na gumba vipo na vimepona vizuri.

Hakulia mbele yangu. Kitu cha kwanza alichosema hospitali ni, "Asiambiwe, atarudi." Wiki ya tatu alikuwa kazini. Vyuma anavikaza kwa mkono wa kulia na kuvishikilia kwa huu mwingine, na wateja wanasema amekuwa mwangalifu zaidi. Lakini gitaa jekundu liko chini ya kitanda, limetazama ukuta, na lile friji hajaliwasha tena. Karakana imekuwa kimya mpaka mimi mwenyewe nimeanza kuiona kubwa.

Ile sentensi yako ya kuona haya aliisoma akiwa amesimama. Halafu akakaa.

Nimekwambia kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua, na ninyi wawili mlikuwa mnaelekea kuzika undugu ukiwa mzima. Sikukwambia ili urudi. Ukirudi utakuwa umemkata kidole cha tatu.

Kula vizuri.

Mama


21 Mei

Kaka Barafu,

Shikamoo. Shikamoo tena kwa ile ya barua iliyopita.

Nimelia siku mbili. Dobi alipanda kuuliza kama bomba limepasuka. Siku ya tatu nikakasirika, na hasira imenisaidia zaidi, kwa hiyo nakuandikia nayo.

Nisamehe kwa lile neno. Niliandika kukuumiza, na likaumiza. Sina la kulipamba.

Na wewe, kwa nini nikusamehe? Miezi minne unanichekesha kuhusu pasipoti! Ulidhani nitarudi. Ndiyo, Januari ningerudi, kwa miguu. Sasa sirudi. Mimi nimekuja kupiga muziki na napiga, wewe ulinituma na hata ungekatwa kichwa ningepiga kwanza halafu ndiyo nije kuzika. Umeridhika?

Sasa sikiliza mambo matatu.

La kwanza. Kiti chako nimempa mtu. Nimempa leo saa nne asubuhi, yule dada anayepasi nguo. Nilimwambia Bi Studio ukweli wote, kuanzia mkanda mpaka kikohozi. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akasema niweke tena ile kaseti. Nakwambia jambo hili la kiti mimi mwenyewe, usije ukalisoma kwenye ganda la albamu. Imeniuma kumpa. Lakini uliniambia nimchukue, na wewe ndiye mkubwa.

La pili. Tulipoisikiliza kaseti mara ya pili, Bi Studio alisimama akaenda kusogeza sikio kwenye spika. "Nyuma yenu kuna nini hapo?" Nikamwambia, "Friji." Safari hii hakuna aliyecheka. Ndilo lililokuwa limekosekana, kaka. Nyimbo zile tulizitunga juu ya ngurumo ile, juu kidogo ya dunia, na koo langu linakaa hapo. Kidude kilinishusha. Kwa hiyo nakuomba uliwashe friji la mwenye bucha, uweke rekoda mbele yake, dakika kumi. Bendi nzima itajilinganisha nalo. Najua ninachokuomba. Kama huwezi, sema huwezi, nitaelewa, lakini usinitumie la mwaka juzi.

La tatu. Toa gitaa chini ya kitanda. Geuza nyuzi, za juu ziwe chini. Mkono wa kulia ubane, wa kushoto upige. Gumba na cha shahada vinatosha kushika kile kiplastiki cha kupigia. Utakuwa mwanafunzi. Nakuandikia masomo uliyonipa nikiwa na miaka tisa, neno kwa neno:

Anza na kordi ya vidole viwili. Usiitazame mikono, inaona aibu. Hakuna kusema siwezi kabla kidole hakijauma. Kikishauma, sema siwezi mara moja, halafu endelea. Na usiache mpaka Mama aseme basi.

Mwanafunzi wako wa zamani,
Kelele


17 Juni

Kelele,

Marahaba mara mbili. Neno lile limeisha, usilitaje tena. Liliuma kwa sababu kuna kipande chake kilikuwa kweli. Nilikuwa na wivu. Nilikuwa na wivu hata kabla ya mkanda, kidogo, kama friji letu lilivyo juu kidogo. Haukunizuia kukutuma.

Habari ya kiti nilijua itakuja, na mimi ndiye niliyekwambia ukitoe. Hata hivyo nilipoisoma nilitoka nje nikazunguka nyumba. Umefanya sawa.

Nimeliwasha friji. Nililizunguka asubuhi nzima kwanza, nikifagia mahali palipokuwa safi. Mama akaja akasimama mlangoni. Nikamwomba fundi welda wa jirani azime mashine yake dakika kumi. Akauliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, tunarekodi. Nikabonyeza swichi, likakohoa, likashika. Kelele, sauti ile sikuwa nimeisikia tangu siku ile, na sikuiogopa kama nilivyodhani. Nililikuta linaimba palepale lilipokuwa. Mwisho wa kaseti utasikia mlango ukigonga, bado haufungi.

Gitaa nimeligeuza. Mkono wa kulia hauna akili hata kidogo. Ulizoea kuamrisha, sasa unaambiwa ubane, unauliza kwa nini. Kordi ya vidole viwili imenichukua siku tano. Mama hajasema basi, ila siku ya tatu alihamia kwa jirani kuchambua mboga.

Mwanafunzi wako mpya,
Barafu


30 Septemba

Kaka Barafu,

Shikamoo. Kifurushi kina albamu mbili, moja ya Mama asikuazime.

Iweke kabla hujaendelea kusoma. Sekunde kumi na mbili za mwanzo hakuna mtu, ni friji peke yake. Halafu besi inaingia chini yake, halafu yule dada wa pasi, ambaye nakiri mbele ya mashahidi kwamba anapiga vizuri, kisha mimi. Sikubisha hodi.

Kumbi sita tumeshapiga, nane zimebaki. Kila siku kabla hatujatokea, kaseti yako inapigwa kwenye spika kubwa. Watu wanadhani mitambo imeharibika. Wanaguna, wanageuka, halafu wananyamaza mmoja mmoja. Sisi tunalinganisha nyuzi mbele yao, ukumbi mzima ukisikia karakana yetu. Jana walianza kushangilia friji kabla yangu. Nimeshashindwa na wengi, lakini na friji ni mara ya kwanza.

Tazama nyuma ya ganda, kwenye orodha ya wapigaji. Besi, dramu, gitaa la pili, kila mmoja na jina lake. Mstari wa mwisho umeandikwa: "Friji: Barafu." Bi Studio aliuliza kama ni mzaha. Nikamwambia aache hivyohivyo.

Masomo yanaendaje? Mwalimu anasubiri.

Kelele


28 Oktoba

Kelele,

Marahaba. Albamu tumeisikiliza karakanani, mlango wazi, fundi welda amezima mashine bila kuombwa. Zilipoanza zile sekunde kumi na mbili nililiwasha na friji lenyewe pembeni. Yalikwenda pamoja, hakuna aliyempita mwenzake. Mama alishika ganda akasoma mstari wa mwisho kwa sauti ya darasani, akarudia, akauliza mbona hakuna jina la aliyechambua mboga.

Nimekutumia kaseti, kwenye soksi nyingine. Ni "Mlango Haufungi", sehemu yangu, ubeti mmoja tu na kordi tatu, polepole sana. Kuna mahali napotea, kisha narudi. Nimelinganisha na friji. Rekodi ni ya jana saa tano asubuhi, na najua hutaniamini kwa maneno, kwa hiyo isikilize mpaka mwisho.

Safari hii anayekohoa ni mimi.

Barafu